Ekinasia kwenye Mchanga wa Kerege

Ukishapita Bunju na Mapinga kwenye barabara ya kwenda Bagamoyo, unaingia Kerege, ambako mashamba ya mikorosho na miembe yanazidi kukatwa viwanja. Nyumba ikishaezekwa na simtanki ikishapandishwa, mwenye nyumba huanza kuwaza maua. Miche ya kawaida haimsumbui, kwani vitalu vipo kando ya barabara na jirani mwema hanyimi mtu kipandikizi. Kazi huanza pale ndugu aliyeko Marekani au Ujerumani anapotuma pakiti ya mbegu, na pakiti inayotamanisha kuliko nyingi ni ya ekinasia: ua la zambarau, petali zimeinama chini, katikati kimetuna kitovu cha rangi ya machungwa, kikavu na chenye ncha ncha. Pakiti inasema mmea huu ni mgumu, hauhitaji kubembelezwa, na unaishi miaka mingi. Huko ulikotoka, ni kweli kabisa.

Kerege mambo ni mengine. Mbegu inaota, majani yanajipanga vizuri chini, mwaka unakatika bila kitumba hata kimoja, kisha masika yanakuja na mmea unaoza shingoni. Mwenye bustani anailaumu mbegu, au mkono wake. Sababu halisi ni mbili, mwanga na maji, na zote mbili zina namna ya kushughulikiwa.

Ekinasia ya zambarau, ambayo wataalamu huiita Echinacea purpurea, ni mmea wa mbuga na kingo za misitu katika sehemu za kati na mashariki mwa Marekani, kwenye majimbo kama Illinois na Missouri. Carl Linnaeus aliiandika mwaka 1753 kwa jina la Rudbeckia purpurea, na mwaka 1794 Conrad Moench akaihamishia kwenye jenasi yake ya sasa. Kwao kuna baridi ya kugandisha ardhi. Majani hufa yote, shina la chini hulala, na joto likirudi mmea huchipua upya. Jambo linalosahaulika zaidi ni urefu wa siku. Mwezi Juni, Illinois hupata mchana wa takriban saa 15.

Kerege iko karibu nyuzi 6.5 kusini mwa ikweta. Mchana wake mrefu kuliko yote, ule wa Desemba, ni kama saa 12 na nusu, na mfupi wa Juni hupungua kidogo chini ya saa 12. Watafiti wa Michigan State University walioichunguza ekinasia waligundua kwamba huchanua vizuri mchana ukiwa wa saa 13 hadi 15. Ukipungua sana chini ya hapo maua huwa haba au hayatokei, na mwanga usiokatika usiku na mchana nao huyazuia. Kwa hiyo mmea wa Kerege unaweza kuwa na afya tele, majani ya kijani kibichi yenye kingo za meno meno na vinyweleo vikavu ukiyapapasa, na bado usichanue, kwa kuwa kwa hesabu yake msimu haujafika. Kuongeza samadi hapo ni kuharibu. Mmea hauna njaa. Ukilishwa kupita kiasi hutoa majani makubwa laini ambayo konokono huyapenda na ukungu huyashambulia kwa urahisi.

Hata kupanda mlimani hakumalizi tatizo. Lushoto ina ubaridi mzuri na udongo mzuri, lakini iko karibu zaidi na ikweta kuliko Kerege, na siku zake hazirefuki.

Dawa ni taa. Wakulima wa maua wa Kenya wanaolima hypericum kwa ajili ya soko la Ulaya huwasha taa mashambani usiku kwa sababu hiyohiyo, na mwenye bustani anaweza kufanya hivyo kwa kiwango cha nyumbani. Balbu moja ya LED ya wati 10, yenye mwanga wa manjano na kifuniko kinachouelekeza chini, huning'inizwa mita moja juu ya miche. Huwashwa kuanzia saa nne usiku hadi saa nane usiku, kila siku, tangu mmea ukiwa na majani manane au zaidi hadi vitumba vionekane. Saa hizo nne katikati ya giza huufanya mmea uhesabu usiku mfupi, yaani mchana mrefu. Swichi yenye saa ndani yake, ile inayojiwasha na kujizima, huondoa kazi ya kuamka. Taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha haifai kuwa mbadala, maana ekinasia inahitaji giza pia. Mwenye bustani ajiandae kusubiri wiki nane hadi kumi, pengine zaidi, na umeme ukikatika siku moja moja asihangaike.

Kabla ya yote hayo kuna mbegu yenyewe. Mbegu inayotoka nje ya nchi inahitaji kibali cha kuiingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka ilikotoka. Kwa Tanzania anayeshughulikia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Wengi hulipuuza hili kwa kuwa pakiti ni ndogo na inaingia mfukoni. Magonjwa na magugu nayo husafiri na pakiti ndogo, na pwani hii inaishi kwa mikorosho, mananasi na machungwa. Afadhali kuuliza mapema.

Mbegu ya ekinasia huota kwa usawa zaidi ikionjeshwa baridi. Changanya mbegu na mchanga safi wenye unyevu, usiochuruzika maji, kwenye kibakuli chenye mfuniko, kisha weka kwenye rafu ya chini ya friji kwa wiki nne. Friza haifai. Baada ya hapo sia kwenye trei au makopo yenye matundu, mchanganyiko ukiwa nusu mchanga wa mto na nusu mboji iliyochekechwa, na funika mbegu kwa udongo wa milimita tatu hadi tano tu. Miche huanza kuonekana baada ya siku 10 hadi 20. Adui wa hatua hii ni kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga kwa kuiozesha shina usawa wa udongo. Hupungua sana ukimwagilia asubuhi badala ya jioni na ukiacha hewa ipite kati ya miche.

Wakati ndio unaoamua mengi. Mbegu ikiingia friji mwanzoni mwa Mei, hutoka mwanzoni mwa Juni, mvua kubwa ikiwa imekwisha na kipupwe kimeingia. Miche yenye majani manne au matano huhamishwa Julai, taa huanza Agosti, na maua ya kwanza yanaweza kutarajiwa Oktoba au Novemba. Anayesia Februari, kaskazi ikivuma na jua likiunguza, atapoteza miche kitaluni, na itakayobaki itakutana na masika ikiwa bado michanga.

Udongo wa Kerege sehemu kubwa ni mchanga, ila mabondeni kuna mfinyanzi unaoshika maji. Mwenye kiwanja asikisie. Achimbe shimo la sentimita 30, alijaze maji, yakishanyonywa alijaze tena, kisha aangalie. Maji yakitoweka ndani ya saa moja, ekinasia itakaa. Yakibaki hadi kesho yake, inua tuta la sentimita 30 juu ya ardhi au panda kwenye vyungu vikubwa. Kwenye mchanga mtupu, changanya ndoo moja ya mboji kwa kila mita moja ya mraba na urudie kila msimu, kwa sababu joto la pwani huila mboji upesi. Samadi ya kuku, inayopatikana kwa wingi huku kwenye mabanda ya wafugaji, ikae miezi miwili au mitatu kabla ya kutumika, na iwe kidogo. Mbichi huunguza mizizi.

Panda kwa nafasi ya sentimita 45, shingo ya mmea ikiwa usawa wa udongo, isizikwe. Jua la asubuhi liufikie mmea wote. Kivuli chepesi cha alasiri, kama kile cha mpapai au cha upande wa mashariki wa ukuta, huusaidia kati ya Desemba na Machi. Matandazo ya majani makavu au makumbi yaliyokatwakatwa huweka ubaridi kwenye mizizi, lakini yaachwe sentimita tano mbali na shina. Matandazo yaliyobanana na shingo wakati wa masika ndiyo huanzisha uozo ule unaowashangaza watu.

Maji ya kisima nayo yaangaliwe. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, na dalili zake huonekana kwa macho: ncha na kingo za majani zinakauka rangi ya kahawia, na juu ya udongo unabaki unga mweupe maji yakishakauka. Miche michanga inyweshwe maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki, na mimea mikubwa imwagiliwe kwa wingi mara mbili kwa wiki badala ya kunyunyiziwa kidogo kila siku. Umwagiliaji wa wingi hushusha chumvi chini ya mizizi. Wa kunyunyiza huiacha juu.

Kuhusu wadudu, wawili ndio wa kuwajua mapema. Wa kwanza ni sota. Asubuhi unakuta mche uliokuwa umesimama jana umelala chini, shina limekatwa usawa wa udongo, majani yake bado mabichi na hayajaguswa. Usiende dukani kwanza. Chezea udongo kwa kidole kuzunguka shina lililokatwa, kina cha sentimita mbili au tatu, na mara nyingi utamkuta amejikunja humohumo, kiwavi wa kijivu aliyenona. Mwondoe, kisha miche iliyobaki izungushie kila mmoja kipande cha chupa ya plastiki kilichozamishwa kidogo udongoni. Wa pili ni konokono, wale wakubwa wanaojitokeza mvua zikinyesha. Waokote alfajiri au usiku kwa tochi, ukivaa glavu au mfuko mkononi. Kuwamwagia chumvi kwenye bustani ni kuongeza tatizo ambalo kisima tayari kimelileta. Vidukari na inzi weupe hudhibitiwa kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku mzima, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo.

Hiyo ndiyo ekinasia: inawezekana, kwa taa, kwa tuta na kwa subira. Anayeipenda kweli aipande, mimea mitano au sita karibu na baraza ambako taa inafika. Kujaza bustani nzima kwa mmea unaodanganywa kila usiku ili uchanue ni kujichosha bure, na zambarau ya bustani inaweza kupatikana kwa njia nyepesi zaidi.

Kuwa mgeni si kosa la mmea. Mkorosho unaolisha watu wa Kerege ulitoka Brazili, nanasi lilitoka Amerika ya Kusini, mwembe na mwarobaini vilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walipanda huko miti na mazao mengi ya kigeni. Wageni waliokubali pwani hii ni wale waliozoea joto, na kwenye maua wapo wawili wa namna hiyo.

Wa kwanza ni zinia, ndugu wa damu wa ekinasia kwa kuwa wote ni wa ukoo wa alizeti. Asili yake ni Meksiko, na tofauti yake kubwa ni kwamba haihitaji siku ndefu. Mchana wa saa 12 unaiharakisha kuchanua. Mbegu zake zipo kwenye maduka ya pembejeo, zikiwemo za zambarau tupu. Haihitaji friji wala kitalu. Lainisha tuta, fukia mbegu sentimita moja chini, na ndani ya siku nne hadi saba imeota. Punguza miche ibaki kwa nafasi ya sentimita 30. Ikifika urefu wa sentimita 20 hadi 25, kata ncha ya juu kwa vidole. Unaweza kuona huruma, lakini mkato huo huleta matawi manne au sita ya maua mahali pa moja. Wiki nane hadi kumi baada ya kusia, bustani imejaa rangi, na vipepeo na nyuki hawakosekani.

Anayetaka kukata maua ya kuweka mezani, au kuwauzia wapambaji wa kumbi, ajifunze kulijua ua lililokomaa. Shika shina sentimita 20 chini ya ua na ulitikise taratibu. Kichwa kikining'inia huku na huku, shingo bado laini na ua litanyauka kwenye chupa kabla ya jioni. Shina likisimama wima bila kupinda, kata, tena asubuhi na mapema kabla ya jua kali, na uondoe majani yote yatakayozama majini.

Ugonjwa wa zinia pwani ni ubwiri unga, ile poda nyeupe juu ya majani, pamoja na madoa ya kahawia yanayotapakaa mvua zikizidi. Umwagiliaji wa kwenye shina, nafasi ya kutosha, na kung'oa mapema mmea ulioathirika hufanya kazi kuliko dawa nyingi. Sia tuta jipya kila wiki tatu kuanzia Juni, ili yanayozeeka yaondoke bila kuacha pengo. Mbegu za kuhifadhi ni za vichwa vilivyokauka vyenyewe juu ya mmea. Fikicha, anika kivulini, weka kwenye bahasha ya karatasi. Ukiwaachia chiriku vichwa vichache, watavishughulikia.

Wa pili ni vinka, asili yake Madagaska, Catharanthus roseus kwa jina la kitaalamu. Petali tano za zambarau iliyopauka au nyeupe, majani yanayong'aa, urefu wa nusu mita hivi. Huota yenyewe kwenye mchanga wa pwani mahali ambapo hakuna aliyeipanda, huvumilia kiangazi, na mbuzi hawaigusi. Mbegu zake huota gizani, kwa hiyo zifunikwe vizuri. Vipandikizi navyo hushika. Kinachoiua ni maji yaliyotuama. Mmea unanyauka huku udongo ukiwa umelowa, na ukiung'oa mizizi inatoka myeusi imeoza. Ipande sehemu ya juu ya kiwanja, uipogoe hadi nusu masika yakiisha, na kwa mengine iachwe.

Ekinasia na vinka zinafanana kwa jambo jingine: zote zina sifa ya dawa, na hapo tahadhari inahitajika. Ekinasia huuzwa dunia nzima kama dawa ya mafua. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2014 hayakupata ushahidi thabiti kwamba inatibu mafua. Faida, kama ipo, ni ndogo na inatofautiana kutoka bidhaa moja hadi nyingine. Mwenye mzio wa maua ya ukoo wa alizeti inaweza kumdhuru.

Vinka ni habari kubwa zaidi. Robert Noble na Charles Beer, waliokuwa Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada, walianza kuichunguza kwa sababu watu waliitumia kutibu kisukari. Kwa kisukari haikusaidia, ila waliona dondoo yake ikishusha chembe nyeupe za damu, na mwaka 1958 wakatangaza kiini cha dawa ya saratani kiitwacho vinblastini. Baadaye ikapatikana vinkristini. Mwaka huohuo wa 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika ambao leo una jina lake, na vinkristini ikaja kuwa miongoni mwa dawa za kuutibu. Watoto wenye saratani ya damu bado hupewa dawa hiyo.

Kutoka kwenye jani hadi kwenye sindano ya hospitali kuna safari ndefu ya kuchuja na kupima. Kiasi kikubwa cha majani hutoa dawa kidogo mno, na jani lenyewe lina sumu inayoweza kuharibu mishipa ya fahamu na kushusha kinga ya mwili. Wapo wanaoyachemsha na kuyanywa kwa ajili ya sukari. Msomaji mwenye vinka uani asifanye hivyo, wala asimpe mgonjwa wa jirani, na watoto waambiwe kwamba ua hili ni la kutazama. Mwenye kisukari ana kliniki, na mwenye uvimbe usioeleweka awahi hospitali. Kwa watu wa Kerege, hospitali za Muhimbili na Ocean Road zinafikika kwa barabara hiyohiyo ya Bagamoyo, ukielekea Dar es Salaam.